Mkaa Tumboni

Mimi napiga watu. Nalisema mapema ili tusije tukazungushana. Wako wanawake wanaosuka nywele na wako wanaouza vitambaa; mimi navunja pua, na nikishazivunja mwamuzi ananiinua mkono na watu wanapiga makofi. Anayeona aibu kwa niaba yangu akaone aibu kwao. Ukumbini wananiita Nyundo, jina nililopewa na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Huyo ndiye kocha wangu, na ndiye aliyenilea tangu nilipobaki yatima nikiwa bado natoka kamasi. Aliniogesha, akanipeleka shule, akanisuka nywele kwa vidole vyake vilivyopinda mpaka nikatoka kama nimepigwa na umeme, na watoto waliponicheka akanifundisha namna ya kuwanyamazisha. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Ukumbi wetu uko nyuma ya gereji. Unapita katikati ya magari yaliyofunuliwa boneti, unaruka dimbwi la oili chafu, unaingia kwenye banda la bati lenye mabegi ya turubai yaliyoshindiliwa matambara na mchanga, kioo kimoja chenye ufa, na ulingo ambao kamba zake tumezivisha mipira ya maji ili zisituchane mgongo. Sakafu ya ulingo ina madoa. Machache ni yangu, mengi ni ya wenzangu.

Baba mdogo ana utaratibu wake, na ole wako uuguse. Kila asubuhi, kabla hujavaa glavu, unasimama kwenye mstari mbele ya meza yake na kumeza vidonge huku anakutazama. Vitamini, mafuta ya samaki, madini ya chuma. Anayekata uzito anaongezewa mkaa. Vyote vinawekwa kiganjani, unavirusha mdomoni kwa mkupuo mmoja, unashushia maji, kisha unafungua kinywa na kuinua ulimi akague. Zamani bondia wake mmoja alikuwa anaficha vitamini shavuni na kwenda kuziuza mtaani, halafu akaja kuzirai ulingoni mbele ya wageni. Baba mdogo hakuisahau aibu ile. Tangu siku hiyo ikawa sheria: vyote kwa pamoja, mbele ya macho yake, na hakuna cha nitameza baadaye.

Mkaa wenyewe si ule wa jikoni, usije ukanicheka. Ni unga mweusi laini uliotiwa kwenye vidonge vya kapsuli, na wanasema unafyonza gesi na uchafu tumboni, ukipanda mizani unakuwa mwepesi. Tulikuwa tunaununua kwa Misuli, jamaa mwenye duka la vyakula vya wanamichezo, ambaye mikono yake imejaa hadi haiwezi kulala ubavuni, anatembea kama amebeba ndoo mbili.

Mimi nilikuwa na kidonge changu cha ziada, cha uzazi wa mpango. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mtu mpole kupita kiasi, hata mbu anamfukuza kwa adabu. Tulikubaliana mkanda wa taifa kwanza, mtoto baadaye. Ila mimi kwa kusahau hujapata kuona. Asubuhi moja baba mdogo alinikuta napekua mkoba kwa hasira, natafuta kidonge cha jana na cha leo. Akaniambia nikiweke mezani na vingine, nikipita kwenye mstari nimeze na hicho humohumo, sitasahau tena. Nikaona huyu mzee ana akili kuliko sisi wote. Hata mume wangu alimpelekea shukrani. Basi, kwa kuwa nilikuwa nakata uzito kwa mpambano wa mkanda huo, ikawa kila asubuhi, kiganjani mwangu, kidonge kimoja kidogo cheupe katikati ya vile vyeusi. Nikameza. Nikafungua kinywa. Nikainua ulimi.

Nilianza kuugua zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya mpambano. Nilikuwa nafanya mazoezi na Godoro, kijana wa watu ambaye kazi yake ni kupigwa na sisi wengine, na haoni vibaya. Nilimpa ngumi ya kulia ya sikio, nikamfuata kwa kushoto ya mbavu, akaenda kwenye kamba, nikaingia kummaliza, mara nikatapika. Si kidogo. Nilimtapikia Godoro viatu vyote viwili. Yeye badala ya kukasirika akaniuliza kama niko salama, nikampiga tena kwa kuniuliza. Nilidhani ni ule mkaa. Siku zangu zilikuwa hazionekani, lakini kila ninapokata uzito huwa zinakata, kwa hiyo sikujali. Ila kutapika kulipozidi, na harufu ya glavu ikawa inanipiga kuliko watu, nikaenda zahanati.

Nesi alikuwa mama mtu mzima, miwani puani, sauti ya taratibu. Aliniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikamwambia hapana, mimi siumwi. Akapima mkojo, akarudi, akavuta kiti akakaa karibu yangu, na mtu wa hospitali akivuta kiti karibu yako ujue kuna neno. Akasema nina mimba. Nikamwambia haiwezekani, mimi nameza vidonge kila siku iendayo kwa Mungu, na shahidi wangu ni kocha. Akaniuliza navimeza na nini. Nikamtajia mlolongo mzima. Vitamini akaitikia kwa kichwa, mafuta ya samaki akaitikia, chuma akaitikia. Nilipofika kwenye mkaa akavua miwani.

"Mwanangu, huo mkaa hapa tunawapa watu waliomeza sumu," akasema. "Unakamata chochote unachokikuta tumboni, haujui uchafu ni upi na dawa ni ipi. Umekuwa unameza kinga yako na kuifungia mlango papo hapo."

Alinieleza kwamba ningeachanisha kwa saa nyingi, au ningeuliza kwanza, pengine yasingenikuta. Watu wanaona kitu kinauzwa dukani bila cheti wanadhani hakina kazi mwilini, akasema, wakati kuna mpaka majani ya kutuliza mawazo yanayoweza kukivunja nguvu kidonge cha uzazi. Akanilaza kwenye kitanda, akanipitisha kwa mwenzake wa mashine ya picha. Nikaona kwenye kioo kitu kama punje, na ndani ya punje kitu kinachezacheza. Kasi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu ninaporuka kamba. Miezi miwili na ushee, wakasema. Nesi aliniuliza kazi yangu nini. Nilipomwambia, akasema mtoto kwa sasa amekaa chini, nyuma ya mfupa wa nyonga, lakini yeye hawezi kuniahidi lolote mtu akiamua kunipiga pale.

Nilitoka pale damu inanichemka. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu aliyekuwa karibu ni Misuli.

Alikuwa anapanga makopo ya unga wa protini. Sikumsalimu. Nilimshika shingoni kwa fulana nikamkandamiza kwenye rafu, makopo yakaanza kudondoka juu yetu, moja likapasuka na kutujaza unga kama waokaji. Nikamuuliza mkaa wake una maelezo gani. Akadhani ni wizi. Akanipiga kiwiko cha kidevu, nikauma ulimi, nikaonja damu. Hapo akawa amejimaliza mwenyewe. Nilimpa mbili za tumbo na moja ya taya, ule mwili wote ukaenda chini kama gunia, na akiwa chini nikamkalia kifuani na kumpa vidonge vyake: nikamwambia yeye ni muuaji, mshenzi, mwili jumba kichwa kibanda. Akalia. Mtu mwenye mikono ile, analia.

Akasema alimwambia kocha wangu. Aliapa kwa mama yake kwamba mara ya kwanza kabisa baba mdogo aliponunua mkaa alimwambia usichanganywe na dawa, upite muda mrefu katikati. Na kocha alimjibu kwamba mabondia wake hawatumii dawa.

Nilimwinua, nikamfuta unga usoni kwa kitambaa changu, nikaondoka. Mkono wangu ulikuwa umechubuka kwenye meno yake.

Kabla ya kwenda kwa baba mdogo nilipita karakana ya mume wangu. Alikuwa anachomelea geti, cheche zinaruka. Nilimvuta mkono, akazima mashine na kuinua kinyago. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Kwanza alicheka, kisha machozi yakamtoka, yakamchora mistari kwenye masizi. Alikuwa na furaha na alikuwa anaogopa kuionyesha mbele yangu. Akasema mwili ni wangu, mkanda ni wangu, nitakaloamua yuko nyuma yangu. Mimi nikamkasirikia kwa maneno hayo mazuri. Nilitaka aamue yeye ili nipate wa kumlaumu. Maana ukweli nilikuwa nautaka mkanda na nilikuwa namtaka yule mwenye kuchezacheza kwenye kioo, navitaka vyote viwili kwa roho moja, na kimoja kilikuwa lazima kikile kingine.

Baba mdogo nilimkuta peke yake ukumbini, anakunja bandeji za mikono. Nilimwambia nina mimba. Hakushtuka kama nilivyotegemea. Aliendelea kukunja mpaka bandeji ikaisha. Nikamuuliza kama ni kweli Misuli alimwonya.

"Alisema usichanganywe na dawa," akajibu. "Kile si dawa. Dawa anakunywa mgonjwa. Wewe unaumwa nini?"

Nilikuwa nimekunja ngumi, zikalegea zenyewe. Hata mimi nesi aliponiuliza kama natumia dawa nilijibu hapana. Tulikosea kwa kosa moja, yeye na mimi, wajinga wawili wa nyumba moja. Nikakaa kwenye benchi na hasira yote ikanivuja. Yeye akaja akakaa pembeni yangu, akanishika kisogo kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo na nikilia usiku. Akasema yamekwisha tokea. Kipimo cha mkojo, kile cha mimba, kabla ya mpambano si tatizo, atajua la kufanya. Mtoto bado ni mdogo sana na amejificha, nitamlinda kwa viwiko. Raundi kumi tu, nitakuwa bingwa, halafu nikazae timu nzima nikitaka. Nikamwambia naogopa. Akasema ndiyo maana kesho tutafanya mazoezi ya mwisho ya kulinda tumbo, taratibu, Godoro ataambiwa asikaze. Nikakubali. Alikuwa baba mdogo. Nilikuwa sijapata kumkatalia kitu.

Kesho yake nikaja. Mstari wa vidonge haukuwepo, ukumbi mtupu, aliwapa wenzangu ruhusa. Tulikuwa sisi watatu tu. Akanifunga glavu yeye mwenyewe, akanivisha kofia ya kichwa, akanipaka mafuta kwenye nyusi. Godoro alikuwa upande wa pili anarukaruka, hajui lolote, ananichekea.

Kengele ikalia. Godoro akaja na ngumi nyepesi za tumbo kama alivyoagizwa. Nilizipokea kwa viwiko, moja kushoto, moja kulia, sawasawa, nikahisi hata nafuu. Nikaanza kuamini kwamba inawezekana. Baba mdogo akapiga kelele kutoka kwenye kona, "Kaza." Godoro akakaza kidogo. Ngumi zikaanza kulia kwenye mikono yangu. "Kaza, nimesema. Unamkanda?" Godoro ni mtu wa kutii. Akakaza kweli, moja ikanipenya ubavuni, pumzi ikanitoka, nikamsukuma na kumrudishia ya pua. Mambo ya kawaida hayo.

Halafu baba mdogo akasema, "Chini. Chini ya kitovu."

Godoro akasita, akamtazama. Mimi pia nikamtazama.

Hapo lazima nikufafanulie kitu. Chini ya mkanda wa bukta hapapigwi. Ukipiga pale mwamuzi anakukata pointi, ukirudia anakufukuza ulingoni. Yule bingwa niliyekuwa nakwenda kupigana naye hana faulo hata moja, anapigana kama amemeza kitabu cha sheria. Hakuna mtu ambaye siku ile angenipiga pale. Kwa hiyo mazoezi haya hayakuwa ya siku ile. Nilikuwa nimesimama katikati ya ulingo, jasho linaingia machoni, na nikaelewa kwa nini wenzangu wamepewa ruhusa.

"Baba mdogo," nikasema, "hiyo ni faulo."

"Najua," akasema.

Nilisubiri aseme na sababu. Badala yake alimfokea Godoro kwamba asipopiga asirudi tena hapa, na Godoro hana kwingine, analala kwenye stoo ya mabegi. Akaja, macho chini. Ngumi yake ya kwanza ya chini niliiona inaanza begani kwake, na mikono yangu ikashuka. Sikuishusha mimi. Miaka yote ile nafundishwa kwamba mikono inakaa usoni, hata ukiota usingizini inakaa usoni, na sasa imeshuka yote miwili na kujifunga pale chini kama komeo. Ngumi ikafia kwenye glavu zangu. Nyingine nayo ikafia. Nikarudi nyuma mpaka kwenye kona, nikainama, nikamgeuzia nyonga. Uso wangu ukabaki wazi kama dirisha.

"Basi mpige uso," baba mdogo akasema. "Mpaka ainue mikono."

Nilikula ngumi ambazo sijapata kuzila kwenye mpambano wowote. Godoro alikuwa analia huku anapiga. Ya kwanza ilinifunga jicho la kushoto. Ya pili ilinipasua mdomo. Ya tatu nilisikia pua ikikatika, ule mlio unaujua ukiwa umeshawavunjia wengine, na damu ikanijaa kooni nikaanza kuimeza. Kofia ilikuwa imezunguka, sioni vizuri. Kila ikija nilijiambia inua mkono, na mkono haukwenda. Uso ukapigwa. Nikamsikia baba mdogo akipiga kamba kwa kofi, anarudia inua mikono, inua mikono, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba. Nadhani alijua kwamba nikiinua tu mikono atampata anayemtafuta.

Godoro akaacha. Akasema, "Kocha, huyu nitamuua," akashusha mikono na kukaa chini katikati ya ulingo kama mtoto aliyesusa.

Baba mdogo akavaa glavu. Sikuamini. Alizivaa za mazoezi, kuukuu, hata kuzifunga hakuzifunga, akapenya katikati ya kamba kwa shida kwa sababu ya goti lake. Ana umri wa kuwa babu. Alikuja mbele yangu akasimama, akanitazama uso alioupasua.

"Bingwa mmoja," akasema. "Maisha yangu yote nimeomba mmoja tu. Mtoto utapata mwingine, Nyundo. Mimi sitapata wewe mwingine."

Nikamwambia asogee. Sikumwambia kwa ukali. Nilimwita baba, bila hata hiyo mdogo, nikamwomba asogee nipite nyumbani.

Akapiga. Chini, kwa kulia, kwa uzito wake wote, na mzee yule bado ana ngumi. Ilinikuta kwenye mkono wa mbele, nikahisi mfupa unalia mpaka begani. Akavuta ya pili. Na mimi nikampiga.

Sikufikiri. Kushoto, fupi, chini ya mbavu za kulia, kwenye ini, ile aliyonifundisha yeye kwa miezi na miezi akiwa ameshika mto kifuani. Mbavu zake zikaingia ndani, nilizisikia zikiitika kwenye kifundo changu. Mtu akipigwa pale haanguki mara moja. Anasimama kwanza, anashangaa, halafu miguu inajua kabla yake. Alipiga magoti, akaenda ubavu, akajikunja pale pale kwenye madoa yetu, mdomo wazi, hewa haiingii. Uso wake ukawa wa kijivu. Godoro akaanza kuomba Mungu kwa sauti.

Nilimpigia magoti. Nilikuwa namdondoshea damu kwenye fulana, nikamshika kichwa, namwita, nimesahau kila kitu, natafuta pumzi yake kama vile ndiyo yangu. Macho yake yalikuwa yanazunguka, yakanipata. Akajaribu kusema, hakuweza. Akajaribu tena. Nikainamisha sikio kwa sababu nilidhani anataka kunitaka radhi, na Mungu ni shahidi, angenitaka radhi ningemsamehe palepale.

"Mguu wa nyuma," akasema, "umechelewa. Rudia."

Na mimi nikautazama mguu.

Sijui niliutazama kwa muda gani. Najua Godoro ndiye aliyenikata kamba za glavu, ndiye aliyempigia simu mwenye gari la wagonjwa, ndiye aliyeniambia niende. Nilipita kwenye gereji, mafundi wakatoka chini ya magari kunitazama, mmoja akanipa tambara lenye grisi nizuie pua. Nilitembea hadi zahanati. Watu walinipisha njia nzima, na mimi nilikuwa natembea mikono yote miwili bado iko chini ya kitovu, imekataa kutoka.

Nesi yuleyule hakuniuliza kitu. Alinilaza, akanipeleka kwa mwenzake wa mashine, akanipaka yale mafuta ya baridi, na nikaona kwamba yeye mwenyewe anashika mkono wangu kwa nguvu zaidi ya ninavyoshika wa kwake. Kioo kilikuwa upande wa jicho lililofunga. Sikuona. Nilisubiri waniambie, na walichukua muda wao.

"Yupo," nesi akasema. "Anacheza huyo, wala hana habari."

Nikalia mpaka kitanda kikatikisika, pua ikafumuka upya, shuka lao likaharibika. Nesi akadhani ni furaha. Akanipa pamba, akanipangusa, akaniambia nilie tu mama, nilie, ameshapona mtoto. Sikumsahihisha. Mtoto nilikuwa nimeshampata. Nilikuwa namlilia baba mdogo, aliyekuwa na mimi tu duniani, na alipokuwa pale chini anatafuta pumzi yake ya mwisho, bado alikuwa ananifundisha.

Hakufa. Mbavu mbili, na ini limevimba, wakasema. Mume wangu ndiye anayempelekea chakula hospitali, kwa kuwa mimi nikifika kwenye mlango wa wodi miguu inakataa.